Nyota Niliyoiombea Izimike

Kwa majuma mengi sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, mtoto ana haki ya kumwambia mama yake kwamba mumewe amekufa, ikiwa mama mwenyewe hajauliza? Nililigeuza swali hilo kila upande. Nikisema, nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nisiposema, nitakuwa namwangalia akingoja kama mtu anayeangalia mwenzake akichota maji kwa kikapu, na kunyamaza. Nilikuwa nimerudi Garissa na shahada ya fizikia, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na sikuweza kuamua jambo ambalo mchunga mbuzi yeyote angeliamua kabla ya chai kuchemka.

Kila asubuhi harufu ndiyo iliyoniamsha. Mama alikuwa akifukiza chombo cha maziwa cha baba. Wenzangu wa huku mnaijua kazi hiyo: unawasha kijiti cha mti wenye harufu, unaacha kiwe kaa, unakitia ndani ya chombo kilichosukwa kwa mizizi, unafunika, unatikisa, mpaka moshi uingie katika kila uzi. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Cha baba kilikuwa hakijatiwa maziwa tangu nikiwa mdogo. Alikifukiza tu, akakipangusa, akakirudisha mahali pake, kwa sababu mtu anayetoka mbali na ngamia hapaswi kukuta chombo chake kinanuka vumbi.

Niseme tulivyofika hapo. Baba aliondoka na ngamia mvua za masika zilipoanza, kuelekea mashariki kwenye malisho. Akiwa huko, amri ikatoka kwamba watu wote wahamie katika kijiji kimoja karibu na mji, kilichozungushiwa miiba na waya. Serikali ilikiita kijiji. Sisi tulikiita kambi, na hata leo ukitaja kambi kwa watu wa rika langu, hakuna atakayekuuliza kambi gani. Tuliletwa kwa lori, mimi, mama, nyanya yangu, na mbuzi wachache walioruhusiwa. Aliyekuwa ndani alihesabiwa kuwa raia. Aliyekuwa nje, hata kama alikuwa nje kwa sababu ngamia hawali waya, alihesabiwa kuwa shifta, mwasi anayepigana na serikali.

Kila asubuhi wanawake walipanga mstari, askari akapita akiuliza kila mmoja yuko wapi mumewe. Wengine walijibu kwamba wamekufa. Nilimjua bi mmoja ambaye mume wake alipenya usiku pale waya ulipolegea, akanywa chai, akaondoka, na asubuhi yake bi huyo akasema amekufa, tena kwa machozi. Jibu hilo lilikuwa na faida. Mjane aliachwa, akapewa unga, akaruhusiwa kwenda mtoni kuteka maji bila kusindikizwa. Mke wa aliye nje alibaki juani mpaka adhuhuri.

Mama alikuwa na Kiswahili kidogo, cha sokoni, nacho kilipita katika ulimi wa Kisomali, usio na p. Nakumbuka alivyosimama, mkono mmoja juu ya kichwa changu.

"Mume wako wapi?"

"Iko na ngamia, afande."

"Ngamia gani? Ngamia ya bunduki?"

"Ngamia ya maziwa."

Wenzake wakacheka kwenye mstari, kicheko cha kufunika mdomo. Askari naye nusura acheke. Akamwambia, karibu kwa upole, kwamba mambo yangekuwa rahisi kama angesema tu amekufa. Ni neno moja. Mama akatikisa kichwa. "Habana," alisema. "Yeye habana kufa."

Jioni nyanya alimgombeza. Alimwambia kwamba ulimi hauui mtu, kwamba mwanawe angeelewa, kwamba yeye mwenyewe aliyemzaa alikuwa tayari kusema amekufa ili mjukuu apate unga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema kwetu mtu hazikwi kwa mdomo. Ukimtaja maiti aliye hai umemwonyesha mauti njia. Siku iliyofuata alisimama tena juani, na iliyofuata, na mimi chini ya mkono wake. Mpaka leo nikisimama juani kwa muda nahisi uzito wa kiganja kile utosini.

Katika kambi, moto ulikatazwa jua likishazama. Amri hiyo ndiyo iliyonipotezea akili, nikiwa mtoto. Sisi ni watu wa moto wa jioni. Moto ndio unaomwambia aliye porini kwamba nyumbani ni huku. Ghafla ardhi yote ikawa nyeusi mara tu baada ya magharibi, na katika weusi huo, upande wa mashariki alikokwenda baba, juu kidogo ya waya, nikaona mwanga mwekundu. Haukuwa mweupe kama nyota zile nyingine. Ulikuwa na rangi ya kaa, na katika vumbi la kiangazi ulicheza kama kaa linalopulizwa.

Nilijua mara moja ni nini. Kilikuwa kijinga cha moto, na aliyekishika alikuwa baba.

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Tulipohama, hakuzima moto wa zamani wote. Alichukua kijinga kimoja kinachofuka, akakibeba mbele ya ngamia, akakipuliza kila kilipofifia, ili huko tuendako tuwashe moto uleule. Kwa hiyo mwanga ule ulipopanda taratibu juu ya waya na kukata upande wa kusini, sikuona ajabu. Alikuwa anatembea. Anatutafuta. Anazunguka kambi akitafuta mahali pa kuingilia.

Nilimwambia binamu yangu Ubah, aliyekuwa na umri mkubwa kidogo na ulimi mkubwa zaidi. Alinitazama, akatazama mwanga.

"Baba yako anatembea juu ya hewa?"

"Ni mbali. Ndiyo maana anaonekana juu."

"Basi mwambie ashuke atuletee sukari."

Akaenda kuwasimulia watoto wengine, na kwa muda wakawa wananiita binti wa mtu wa hewa. Sikujali sana. Kilichonitesa ni kitu kingine. Moto ulikuwa umekatazwa. Sisi tulikatazwa hata wa kuchemshia maji ya mgonjwa, na baba yangu alikuwa anatembea nje huko na kijinga kinachoonekana na kila mwenye macho. Askari kwenye lindo walikuwa na macho. Walikuwa na bunduki pia. Kila jioni nilingoja mlio. Niliposoma zile sura fupi nilizofundishwa chuoni, niliongeza dua yangu mwenyewe: Ewe Mola, kizime. Lete wingu. Mwambie Aabo azime moto wake.

Nilimwambia mama pia, nikimnong'oneza ili nyanya asisikie. Akatazama nilikoonyesha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu tuletwe kambini kuinua macho juu ya waya. Aliniambia ile ni nyota, ndiyo moyo wa Nge, na kwamba baba huitumia kujua majira. Kisha akaniambia nisiogope, kwa kuwa naye huko aliko anaiona. Nilichukua maneno yake, nikayaweka kando, nikaendelea kuamini macho yangu. Watu wazima wa kambini walikuwa wakisema mambo mengi ili watoto wanyamaze.

Miezi ikaenda hivyo. Kila magharibi kijinga kilikuwa kimesogea zaidi. Kutoka mashariki kikafika juu ya vichwa vyetu, upande wa kusini, kisha kikaanza kushuka magharibi, upande wa mto. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Baba alikuwa anauendea Tana. Ng'ambo ya Tana hakukuwa na waya. Ng'ambo ile, watu walisema, mtu hulala na moto wake unawaka. Nilimsukuma kwa moyo wangu wote. Ngamia ishirini au ishirini elfu, sikujua hesabu, lakini nilijua ngamia huvuka maji wakivutwa na anayewaamini.

Jioni moja, mawingu ya mvua za vuli yakiwa yameanza kujikusanya, nikatazama magharibi nisikione. Nikatazama tena jioni iliyofuata. Hakuna. Amevuka, nikajiambia. Amevuka na amezima. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu nyuma ya kibanda, na Ubah akauliza kama nimekula kitu ambacho wao hawakupewa. Hiyo ndiyo furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, sikuifikia tena hata siku ya joho, na ninaieleza ili ijulikane ilijengwa juu ya nini.

Kambi ilivunjwa baadaye. Waya uliondolewa, watu wakatawanyika na walichobakiwa nacho, ambacho kwa wengi kilikuwa ni miguu yao. Mama hakuondoka. Alijenga palepale tulipokuwa, pembeni ya mji, kwa sababu baba akirudi atauliza watu wa kambi wako wapi na ataelekezwa hapo. Nyanya akafa. Mimi nikapelekwa shule, na shule ikanipeleka Nairobi.

Huko ndiko nilikosoma juu ya majitu ya mbinguni. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa mzaha aliyevaa koti moja mwaka mzima. Alitufundisha kwamba nyota huishi kwa kuunganisha vitu vyepesi moyoni mwake na kuvifanya vizito, na joto linalotoka humo ndilo linaloizuia isijiangukie. Nyota ndogo kama jua letu hula polepole. Zile kubwa sana hula kwa pupa. "Ni kama matajiri wa mji huu," alisema. "Wakubwa, wanang'aa, na hawafiki uzeeni." Darasa likacheka. Zikishamaliza chakula cha kwanza huvimba, ngozi ya nje hupoa na kuwa nyekundu, na kwa nje mtu angedhani zimenawiri. Kumbe ndani zinachoma majivu yao zenyewe, na majivu ya majivu, mpaka moyo unapogeuka chuma. Chuma hakitoi joto tena. Na hapo nyota iliyosimama mamilioni ya miaka huanguka ndani yake kwa muda mfupi kuliko wa kupumua, kisha hulipuka. Kinachobaki ni kipande kidogo kizito, au shimo ambalo hata mwanga hautoki.

Kisha akachora kwenye ubao kundi la Nge, akaweka alama moyoni. Akasema hili ni mojawapo ya majitu hayo. Lingewekwa mahali pa jua letu, dunia yetu ingekuwa ndani ya tumbo lake. Nililitazama lile duara la chaki: kilikuwa kijinga cha baba. Mwanga wake, alisema, husafiri mamia ya miaka kutufikia. Unaotuingia machoni leo ulitoka kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Nikainua mkono. Sikuwa na desturi ya kuinua mkono. Nikauliza kama basi inawezekana imeshakufa.

"Inawezekana," alisema. "Sidhani, lakini inawezekana. Huna njia ya kujua, dada, ila kungoja."

Wengine wakaandika jibu hilo. Mimi sikuandika. Nilikuwa namwona mama kwenye mstari.

Nilipomaliza masomo nikapangiwa kufundisha Masalani, na nilikwenda mapema kutafuta chumba. Huko, karibu na mahali pa kuvukia mto kwa mashua, nikakutana na mzee mmoja dhaifu aliyeitwa Shuriye, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka alikokimbilia wakati wa vita. Kama ilivyo kwetu, aliniuliza ukoo, kisha baba, kisha babu. Nilipomtajia baba akaniomba niketi. Alitaja jina la ngamia jike aliyekuwa akiongoza kundi letu. Alitaja kidole cha baba kilichokatwa na kamba ya kisima. Walikuwa pamoja, alisema. Walikuwa na kiu, visima vyote vililindwa, na baba ndiye aliyesema atatangulia kisimani. Risasi zilitoka upande ambao hawakuuona. Hawakuweza kumwosha wala kumswalia. Walimfunika na matawi ya miiba ili fisi wasimfikie, wakakimbia.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema kiangazi, muda mrefu kabla ya mvua za vuli.

Muda mrefu kabla. Nilikaa pale nikihesabu kama mjinga. Nyota yangu ilikuwa bado juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa bado naomba izimike, askari wasimwone. Nilikuwa nikimvusha mto mtu aliyekwisha lala chini ya miiba.

"Kwa nini hukuja kutuambia, adeer?" Nilimwita baba mdogo, ingawa hakuwa ndugu.

"Kwanza nilidhani mnajua," alisema. "Kisha nikaona haya kwamba nimechelewa. Na mwanangu, haya ya kuchelewa kila siku inakuchelewesha zaidi."

Nikarudi Garissa na habari hiyo, na haya yake ikawa yangu. Nilimwambia mama nimepata chumba Masalani, twende tukaishi wote. Akacheka kidogo, akaniambia niende tu, nitamkuta hapahapa. "Baba yako akija nani atamfungulia?" Nikataka kumwambia kwamba baba hakuwahi hata kujua kambi ilikuwa wapi, kwamba hata angekuwa hai mahali hapa si mahali pake pa kurudi. Sikusema. Yeye akaendelea kupangusa chombo.

Nilikwenda kwa shehe, nikauliza kwa kuzunguka. Nilimwambia kuna mwanamke mmoja wa Wajir, mumewe alipotea, sasa amekuja mtu na habari za kifo cha zamani. Je, huyo mwanamke atakaa eda lini? Nilitaka walau hilo. Nilitaka awe na ile miezi minne na siku kumi, aketi ndani, avae nguo ya msiba, majirani wamletee chakula, wamwite mjane, jina ambalo alilikataa juani na ambalo sasa ni lake kwa haki.

Shehe alinieleza kwamba kwa walivyosomeshwa wao, eda huhesabiwa tangu mume alipokufa. Haihesabiwi tangu habari ilipofika. "Kama ilipita bila yeye kujua, imepita," alisema. "Mwambie huyo bi wa Wajir hana deni. Ale, anywe, aishi."

Niliondoka pale nikiwa na hofu zaidi kuliko nilivyokwenda. Eda ya mama ilikuwa imekwisha mimi nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto. Ilianza bila yeye, ikaisha bila yeye, pengine katika zile siku alizokuwa akisema habana kufa. Sasa nini nitakachomletea? Nitamwambia amefiwa, na papo hapo nimwambie wakati wa kulia ulikwisha. Nikajiuliza pia kama mzee Shuriye hakukosea, kama hakumchanganya baba na mwingine. Lakini kidole kile, na ngamia yule. Nikajiuliza kama mama ataniamini, au ataniona nimekuwa kama wale waliomwambia ni neno moja tu. Nikaona bora nimwache na nyota yake. Mwanga ni mwanga. Nani aliniteua kuwa mtu wa kuja na chaki?

Hapo ningebaki, najijua. Ningeendelea kuligeuza swali mpaka niote mvi. Lakini adhuhuri moja dereva wa lori la kutoka Masalani alisimama sokoni akashusha mizigo, na katika habari za kawaida, za mto kujaa na bei ya mbuzi, akasema yule mzee aliyekuwa anakaa pale pa kuvukia amezikwa siku mbili zilizopita. Mzee gani? Shuriye.

Nikasimama katikati ya soko na mafungu ya nyanya miguuni. Wale wengine waliokuwa na baba kisimani, Shuriye mwenyewe aliniambia, walikuwa wametangulia zamani. Basi katika dunia nzima kulikuwa na kichwa kimoja tu kilichokuwa na kifo cha baba yangu ndani yake, nacho kilikuwa changu. Gari likinigonga pale, baba angekuwa hajafa kamwe. Angebaki yuko na ngamia mpaka mama naye afe, kisha asiwe mahali popote. Sikujisikia shujaa. Nikaenda nyumbani moja kwa moja, bila kununua nilichotumwa.

Mama alikuwa ameketi kivulini anasuka mkeka. Nikaketi mbele yake chini, karibu kiasi cha magoti kugusana, kwa sababu niliogopa nikisimama nitapata njia ya kuondoka.

"Hooyo," nikasema. "Aabo amekufa."

Vidole vyake havikusimama. Akauliza, bila kuinua uso, ni nani anasema. Nikamwambia yote: Shuriye, kisima, kidole, ngamia jike, miiba. Nilimwambia Shuriye naye amekufa. Alisuka mpaka mwisho wa ukindu ule, akauchomeka usifumuke.

"Lini?"

"Mwaka uleule wa kambi. Kiangazi. Kabla ya mvua."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayerudisha kila siku mahali pake. Nilingoja aulize kuhusu eda. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya shehe, na nilikuwa nayaogopa. Hakuuliza.

"Aliswaliwa?"

"Hapana, Hooyo. Hawakuwahi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mengine yote alikuwa ameyapokea kama mtu anayepokea mgeni ambaye hodi yake ilisikika toka mbali. Hili hakulitarajia. Alijishika goti, akasimama, akaniambia nimletee maji.

Nilimmiminia akatawadha. Maji yalikuwa ya moto kwa sababu dumu lilikuwa limekaa juani. Alitandaza kanga yake kwenye mchanga, akaelekea kibla, akania swala ya maiti asiyekuwepo. Nilisimama nyuma yake. Swala ile haina kurukuu wala kusujudu, mtu husimama tu. Alipiga takbiri ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti yake ikiwa kavu na sawasawa. Baada ya takbiri ya nne alisimama muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mbuzi wa jirani wakapita kati yetu na kivuli, na mimi sikusogea. Halafu akageuza uso kulia, akatoa salamu.